Kumchagulia Mama Safari ya Maua Uholanzi

Joto la Dubai likianza kulegea mwezi wa Oktoba, madirisha ya ofisi za safari za Deira na Karama hubadilisha picha. Zile za Salalah na Georgia huondolewa, zikabandikwa za theluji, na katikati ya hizo haikosi picha moja: shamba la tulipu lililopangwa kwa mistari myekundu, ya njano na ya zambarau, na nyuma yake kinu cha upepo. Nimeipita picha hiyo miaka mitatu nikienda zangu kupanda metro. Mwaka huu nilisimama, kwa sababu ya Mama.

Mama amefanya kazi ya waridi Naivasha kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa mpandaji wala mkataji. Alikuwa mezani, kwenye jumba la kupangia na kufungia maua, akipima urefu wa shina, sentimita 40 huku, 50 kule, 60 pale, akipukuchua majani ya chini, akitazama kama kichwa kimevunjika au kina ugonjwa. Meza hiyo ndiyo iliyonisomesha, tangu chekechea pale Karagita hadi siku nilipopanda ndege kuja chuoni huku. Alipostaafu mwaka jana aliniambia, "Kabla magoti hayajanikataa kabisa, nataka nione yale maua yalikuwa yanakwenda wapi."

Nikamwahidi. Nina akiba kidogo ya kazi za jioni, na nilidhani kazi iliyobaki ni kuingia ofisi moja, kuchagua pakeji na kulipa. Imenichukua karibu miezi miwili. Kwa kuwa wenzangu kadhaa chamani wameshaanza kuniuliza, na kwa kuwa anayetaka kwenda Aprili inampasa aanze kujipanga sasa, naandika niliyoyaona.

Kabla sijafika mbali nijibu swali nililoulizwa na kila mtu: kwa nini kwenda mbali hivyo ilhali maua yapo hapa hapa? Ni kweli yapo. Bustani ya Miracle Garden ilifunguliwa 14 Februari 2013, na tangu 2016 ina ndege nzima ya umbo la A380 iliyovikwa maua. Nimeshampeleka Mama alipokuja kunitembelea. Alizunguka, akapiga picha, akainama kushika petunia moja, akaniuliza maji yanatoka wapi. Nilipomwambia ni maji yaliyokwisha kutumika majumbani na kusafishwa, alitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi anayemtambua fundi mwenzake. Ila hakusema lolote kuhusu uzuri. Dubai maua ni ya majira ya baridi; likiingia joto la kiangazi bustani hufungwa. Na tulipu za kupandwa nje hapa tusizitarajie, kama tusivyozitarajia kule Naivasha, kwa sababu kitunguu cha tulipu kinahitaji kulala kwenye udongo wa baridi kwa wiki nyingi kabla hakijakubali kutoa ua. Nimesema kitunguu makusudi. Mbegu yake inafanana kabisa na kitunguu cha jikoni, na katika njaa kali ya mwisho wa vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Waholanzi wengi walivila.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Bustani inayotangazwa na wote ni Keukenhof, iliyoko mji mdogo wa Lisse, kusini magharibi ya Amsterdam. Jina lake maana yake ni uwanja wa jikoni, kwa sababu katika karne ya 15 ardhi hiyo ilikuwa ya mwanamke mtawala, Jacoba van Beieren, na ndiko zilikochumwa mboga na viungo vya jikoni kwake. Wakulima wa vitunguu vya maua walibuni mpango wa kufanya maonyesho yao hapo mwaka 1949, na umma ukaanza kuingia 1950. Ni hekta 32. Kila mwaka, kuanzia Oktoba, watunza bustani kama arobaini hupanda kwa mkono vitunguu milioni 7, na msimu ukiisha vyote vinang'olewa, udongo unaandaliwa upya.

Vipeperushi vinayasema hayo yote kwa rangi. Lisilosemwa kwa herufi kubwa ni kwamba mlango wa bustani hiyo uko wazi kwa wiki nane hivi tu kwa mwaka. Mwaka 2025 ilifunguliwa 20 Machi ikafungwa 11 Mei. Basi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuuziwa, na ofisi ambayo jina lake nalihifadhi, safari ya "Uholanzi ya maua" ya mwezi Juni, wakati wa likizo yake. Alipofika alipelekwa kwenye kiwanda cha jibini na kwenye duka la viatu vya mbao. Alipouliza bustani, kiongozi akamwonyesha geti kutoka ndani ya basi. Anazo picha za geti.

Hata ndani ya wiki hizo nane, tarehe hazilingani. Pakeji niliyopewa kwanza ilikuwa ya Idi. Mwaka 2026 Idi ndogo inatarajiwa kuangukia karibu na 20 Machi, na bustani inafunguliwa 19 Machi, kwa hiyo muuzaji alikuwa na haki ya kusema kwamba itakuwa wazi. Lakini mwishoni mwa Machi kule nje zinazotawala ni krokasi, dafodili na hiasinti. Tulipu nyingi bado ni majani ya kijani yaliyokunja ngumi. Ndani ya mabanda ya vioo zipo, kwa kuwa huko joto linapimwa. Nje, kipindi ambacho wengi hukishauri ni katikati ya Aprili kwenda mwishoni mwake, na mashamba ya wakulima yaliyoizunguka bustani huiva kwa rangi wakati huohuo, ikitegemea baridi ya mwaka huo. Wapandaji wana ujanja wao: huweka vitunguu kwa tabaka tatu kwenye shimo moja, vya mapema juu, vya kuchelewa chini, ili kitanda kimoja kitoe maua mara tatu. Ndiyo maana bustani haiwi tupu kabisa siku yoyote ya msimu. Lakini mtu anayekwenda mara moja katika maisha yake, na magoti yake yana hesabu, hapelekwi kubahatisha.

Nilimrudishia dada wa kaunta kipeperushi cha Idi. Ni mwenyeji wa Mombasa, mcheshi, akaniambia, "Dadangu, basi chukua hii, ndiyo inayotoka kama njugu." Ilikuwa pakeji ya siku nane, nchi nne: Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne. Bei yake ilikuwa nzuri mno, nusu ya ile ya tatu nitakayoitaja. Nikaichukua nyumbani, nikakaa nayo na kalamu.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoliwa fedha zao bila kuibiwa. Siku ya Keukenhof katika pakeji ile ilianzia Brussels. Kutoka Brussels hadi Lisse ni karibu kilomita 190. Kwa basi, na kusimama njiani, hesabu saa tatu. Mchana wa siku hiyo hiyo ulikuwa na vinu vya upepo vya Zaanse Schans, na jioni mashua ya kuzunguka mifereji ya Amsterdam. Nilipotoa muda wa barabara na wa chakula, bustani ilibakiwa na saa moja na nusu, ukizidisha mbili. Keukenhof ina njia za miguu zenye jumla ya kilomita 15. Mama yangu, kutoka kitanda hadi jikoni, huwa anapumzika mlangoni.

Nilimpigia mwenzetu mmoja wa Unguja, ambaye kabla ya kuja huku aliwahi kuwatembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani. (Huko kwao kiongozi wa wageni wanamwita "gaidi", kwa matamshi ya Kiingereza, na yeye hujitambulisha hivyo huku akicheka; hapa Dubai tumemsihi aache.) Alinisikiliza, akaniambia, "Usiulize wanakwenda wapi. Uliza kiongozi anashuka au habaki garini?" Kwenye shamba la viungo, alisema, yuko anayeshuka na wageni, akavunja jani, akalifikicha, akawanusisha kwanza ndipo awaulize ni nini, mgeni akirudi kwao anaijua harufu ya iliki. Na yuko anayesema "hii iliki, ile mdalasini, twende", kwa sababu kuna ufuo unawasubiri saa nane. Wageni wote wawili wametembelea shamba la viungo. Alinipa maswali mengine mawili: wageni ni wangapi kwa kiongozi mmoja, na nani anayeshika muda, kiongozi au dereva.

Niliyauliza yote matatu katika ofisi tano. Tatu hazikujua kama kiongozi anaingia bustanini. Moja ilinijibu kwa unyoofu kwamba kiongozi wa safari nzima anatoka Dubai na kikundi, ni mtaratibu wa hoteli na mabasi, hajui maua. Ndani ya bustani kila mtu anapewa ramani. Sioni kosa katika hilo, mradi mtu aambiwe kabla hajalipa.

Pakeji ya tatu ilikuwa ya mashua ya mtoni, wiki nzima ya kulala ndani ya mashua na kushuka kila siku mji mmoja. Kwa magoti ya Mama ingefaa sana. Kwa mfuko wangu tusizungumze.

Upande wa viza nitapita haraka, ila usiupite wewe. Sisi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zetu tunahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Miadi ya msimu wa Aprili hugombaniwa, kwa hiyo anayesubiri Machi amechelewa. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi. Ile pakeji ya nchi nne, kwa mfano, ilikuwa na siku tatu za Paris, maana yake mtu anayedhani anakwenda Uholanzi angepaswa kuomba kwa Wafaransa. Tena kila mtu anaomba mahali anapoishi kihalali. Mimi naomba hapa kwa ukaazi wangu wa Imarati. Mama anaomba Nairobi. Nilikuwa nimepanga aje kwanza Dubai kwa viza ya matembezi, tuombe pamoja, tusafiri pamoja. Mpango huo ulikufa siku niliposoma masharti. Na swali ambalo lazima ujibiwe kwa maandishi na ofisi yoyote ya safari kabla hujatoa hata dirhamu moja ni hili: nikinyimwa viza, fedha yangu inarudi kiasi gani? Ofisi mbili ziliniambia "tutaangalia". Nikatoka.

Usiku mmoja nilimpigia Mama kumsomea nilichokwisha pata. Nilikuwa nimefikia maelezo ya mashamba, yale ya kwenye picha ya dirishani. Nikamweleza kwamba wakulima wa ukanda ule kati ya Haarlem na Leiden hawauzi ua la shambani, wanauza kitunguu. Tulipu za kuuzwa kwenye vikapu hukuzwa kwa wingi ndani ya vitalu vya vioo, wakati wa baridi. Zile za shambani zikishachanua, mkulima akishakagua rangi na ugonjwa, hupitisha mashine ikavikata vichwa vyote, ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye kitunguu. Shamba lililokuwa jekundu asubuhi linaweza kuwa la kijani jioni.

Mama alinyamaza. Kisha akauliza, "Wanavikata vichwa, halafu wanavipeleka wapi?"

"Hawavipeleki popote, Mama. Vinaachwa palepale, vinaoza."

"Vichwa vizima?"

"Vizima."

Msomaji asiyetoka Naivasha huenda asielewe kwa nini mwanamke wa miaka hamsini na tisa alikaa kimya kwenye simu kwa muda mrefu namna ile. Kwenye meza yake kichwa kilichovunjika kilikuwa na daftari lake. Kikihesabiwa, msimamizi anakuja. Wiki za kuelekea 14 Februari walikuwa wakiingia kabla ya jua na kutoka usiku, vidole vimekakamaa kwa maji na ubaridi wa chumba cha kuhifadhia, na kila shina lililopita mikononi mwao lilikuwa na safari yake tayari: lori la baridi hadi uwanja wa ndege wa Nairobi, ndege ya usiku, na asubuhi Uholanzi. Likichelewa, limekufa. Likivunjika, umelivunja wewe.

Baadaye akasema, "Mimi sikuwa nataka bustani sana. Nataka kuona ile saa."

Saa gani, wengine mtauliza. Ni saa ya mnada wa Aalsmeer, kijiji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Wakulima wa hapo walianzisha minada miwili mwishoni mwa 1911 na mwanzoni mwa 1912, ikaungana 1968, na jengo lililopo sasa la ushirika wa Royal FloraHolland ni miongoni mwa majengo makubwa kabisa duniani kwa eneo la sakafu. Sisi tumezoea mnada wa samaki, pale Feri Dar es Salaam au Malindi ya Unguja: dalali anaanza chini, watu wanapandishiana, anayebaki juu ndiye mwenye samaki. Aalsmeer ni kinyume. Bei inaanza juu, mshale unashuka kwa kasi, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Ukibonyeza mapema umelipa zaidi. Ukisubiri, mwenzako amechukua. Waridi kutoka Kenya ni sehemu kubwa ya waridi zinazoingia Ulaya, na ingawa siku hizi nyingi huuzwa moja kwa moja kwa maduka makubwa bila kupita mnadani, kwa miaka mingi mshale ule ndio uliokuwa ukiamua kila kitu Naivasha.

Na Mama ana sababu yake. Katikati ya Machi 2020, korona ilipofunga Ulaya, mshale ulishuka na hakukuwa na wa kubonyeza. Bei zilianguka kwa siku chache tu, na maua yasiyo na mnunuzi yakaharibiwa kwa mafungu Aalsmeer. Naivasha waridi zilizokwisha kukatwa zikatupwa mashimoni, na wafanyakazi kwa maelfu wakarudishwa nyumbani, wengi bila malipo. Mama alikuwa mmoja wao. Nakumbuka aliporudi saa tano asubuhi, amebeba gambuti zake mkononi, nami nikiwa nyumbani kwa sababu shule zimefungwa. Alisema, "Tumeambiwa saa imeanguka." Nilidhani ni saa ya ukutani. Miezi minne tuliishi kwa mihogo na mkopo wa chama cha akina mama.

Katika kusoma kwangu huku nimegundua kwamba majira yale yale Keukenhof nayo haikufunguliwa. Ilikuwa ianze 21 Machi 2020. Vitunguu milioni 7 vilikuwa vimeshapandwa tangu vuli ya mwaka uliotangulia, vikachanua vyote kwa wakati wake, na hakuna mgeni hata mmoja aliyepita getini. Watunza bustani walipiga picha za video zikatazamwa na watu wakiwa majumbani. Nilimsimulia Mama. Alicheka, cheko fupi. "Kwa hiyo wao pia," akasema.

Tangu siku hiyo nilijua kwamba hakuna pakeji ya Dubai itakayotufaa, kwa kuwa kati ya vipeperushi vyote nilivyovikusanya, hakuna kilichotaja Aalsmeer. Siwalaumu. Mnada unafanyika siku za kazi tu, tena asubuhi. Mgeni anatakiwa afike saa moja au saa mbili, na basi la watalii lililolala Brussels halifiki. Wala hapapendezi. Ni ghala. Wageni hupita juu, kwenye daraja la ndani, wakitazama chini vikokoteni vilivyofungwa kimoja nyuma ya kingine kama treni vikikatizana sakafuni na maelfu ya ndoo za maua.

Basi nimeipanga safari mwenyewe, na ninaieleza hapa kwa anayetaka kuiga. Tutalala Leiden usiku wote, si Amsterdam. Ni mji mdogo, hauko mbali na uwanja wa ndege wala na bustani, na basi la kwenda Keukenhof huanzia hapo msimu ukifunguliwa. Kutoka Schiphol kuna jingine, namba 858. Kwa sisi wanachuo Leiden ina zaidi. Chuo kikuu chake ni cha mwaka 1575, na bustani ya chuo, Hortus, ni ya 1590. Ni humo mtaalamu wa mimea Carolus Clusius alikopanda tulipu zilizotoka upande wa Waturuki, zikachanua majira ya machipuo ya 1594. Miaka arobaini na mitatu baadaye, Februari 1637, Waholanzi walikuwa wameshauziana vitunguu hivyo kwa bei ya nyumba, na soko likawaangukia. Mjini humo pia kuna Kituo cha Masomo ya Afrika chenye maktaba yake. Mama ameshaniruhusu nusu siku.

Siku ya bustani tumechukua matembezi ya kuongozwa ya kikundi kidogo, ya siku hiyo moja tu, ambayo kiongozi anaingia ndani. Niliwaandikia nikawauliza maswali ya yule wa Unguja. Walijibu yote, wakaongeza kwamba kiti cha magurudumu kinapatikana kikiwekwa mapema, na kwamba kutoka kwenye kinu cha upepo kuna mashua isiyo na kelele inayozunguka mashamba ya nje, kwa anayetaka kuona bila kutembea. Tiketi ya bustani inanunuliwa kabla, kwa siku na saa maalumu. Hapo angalizo dogo: saa zao ni za Kizungu. Nimemwandikia Mama "saa nne", nikamwekea na namba 10 pembeni, maana akishika tiketi peke yake atanifikisha jioni.

Tumechagua Jumanne ya katikati ya Aprili kwa bustani, tukaikwepa Jumamosi ya maandamano ya magari ya maua, yanayotoka Noordwijk hadi Haarlem. Wengine huipanga safari nzima kwa ajili ya siku hiyo, na ni haki yao; mimi nimehesabu watu na magoti. Jumatano asubuhi ni Aalsmeer, kwa teksi, kabla jua halijachomoza vizuri. Gharama ya jumla, bila tiketi za ndege, ilikaribia ile pakeji ya nchi nne. Paris hatutaiona.

Mama ataondoka Nairobi kwa ndege ya usiku. Nilimwambia huenda chini ya kiti chake kuna masanduku ya waridi. Akasema anajua, miaka yote walikuwa wakiambiwa wafunge vizuri kwa sababu "abiria wako juu".

Wiki iliyopita alikwenda mjini Naivasha kupiga picha ya viza, akavaa kitenge cha kanisani, mpiga picha akamwambia avue kilemba, wamebishana, amevua. Miadi yake ni Januari. Jana nilimpigia kumweleza jambo nililokuwa nikilisita, kwamba saa yenyewe siku hizi ni ya kidijitali, na wanunuzi wengi hununua kwa kompyuta wakiwa mbali, kwa hiyo asije akategemea kuona mshale mkubwa ukutani na watu wamejaa wakibonyeza.

"Na ndoo?" akauliza.

"Ndoo zipo, Mama."

"Basi nitaangalia ndoo. Zetu nazijua."

Akaniuliza kama Aprili kule kuna matope, abebe gambuti au asibebe.